Kabla ya Kutia Katani Darini

Muhula wa pili chama chetu kiliandaa mdahalo ambao bila shaka wengi wenu mwaukumbuka: nyumba ya nyasi ni bora kuliko nyumba ya mabati. Mimi nilikuwa upande wa nyasi. Nikasimama, nikakohoa kidogo kama wakili, nikaanza na methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Makofi yakapigwa. Nikaeleza jinsi saa nane mchana mtu awezavyo kuuchapa usingizi mnono katika jiko la nyasi la nyanya yangu kule Kibwezi, ilhali bwenini mwetu hapa Kitui saa hizo hizo ni tanuri la mikate. Makofi tena. Ndipo binti mmoja wa kidato cha pili, mdogo kama pilipili, akainua mkono akauliza, "Bwana msemaji, nyasi hizo zikinyeshewa wiki mbili mfululizo huwaje?"

Nikajibu ati huezekwa upya. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na tukashindwa.

Tangu siku hiyo swali lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nimesoma nilivyoweza, nimemsumbua mwalimu wa Fizikia hadi akiniona kwa mbali anabadilisha njia, na sasa nakiri hadharani: swali la binti yule lilishinda hotuba zetu zote. Sisi tulibishana juu ya joto tu. Kumbe habari kubwa ni maji.

Nieleze. Nyasi kavu, nyuzi za katani, pamba, hata takataka za mbao, hazizuii joto kwa uchawi. Kazi hiyo hufanywa na hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi, hewa iliyotulia isiyo na pa kwenda. Hewa tuli hupitisha joto kwa shida sana. Lakini maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa hiyo. Sasa, nyuzi zikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa, na kihami chako kinageuka kuwa blanketi bichi. Nani amewahi kupata starehe ndani ya blanketi bichi?

Tena si lazima mvua inyeshe. Mmea, hata ukiisha kufa na kukauka, haukomi kunywa. Hunywa mvuke ulio hewani. Nyanya yangu, susu kama tumwitavyo sisi Wakamba, husuka vyondo, na hajapata kuketi katika darasa la sayansi hata siku moja. Lakini atakwambia kwamba katani ya asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa bado vilimani, si katani ya saa nane za Septemba. Ya kwanza ni laini na nzito mkononi, ya pili hukatika kwa ukavu mpaka uilowanishe. Wataalamu nao wamepima: katani iliyokaushwa kabisa, ikiachwa katika hewa ya kawaida tu, hujinywea maji yapata sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Hayo ni maji usiyoyaona wala huyagusi. Hewa ikikauka, huyarudisha. Ndiyo maana nyumba ya nyasi haikupi ule mnato wa jasho, kwa kuwa paa lenyewe linapumua.

Na kwa nini nyasi za jiko la susu hazijaoza miaka yote hii? Moto wa mafiga! Kila jioni moshi na joto huzikausha kutoka chini, na wadudu hufukuzwa papo hapo. Stoo yake ya nyasi iliyo hatua kumi kutoka hapo, isiyowashwa moto, imeezekwa upya mara mbili tangu nianze shule. Katika mdahalo sikuyasema haya kwa sababu sikuwa nimeyaona, ingawa nimekulia uani humo.

Haya, turudi bwenini. Mabati yetu hayana dari. Mchana hakuna asiyejua yanavyotutenda. Lakini usiku wa Novemba, mvua za vuli zikipumzika na mbingu zikawa wazi, mabati hutupa joto lake juu angani yakawa baridi kuliko hata hewa ya nje. Sisi huku chini tumefunga madirisha kwa sababu ya mbu, tunapumua. Mtu aliyelala hutoa mvuke wa takriban gramu 40 kila saa, kwa pumzi na kwa ngozi. Piga hesabu: wavulana 60, saa nane. Ni lita 19 na kitu. Jamani, huo ni mtungi mzima wa maji! Mama zetu wanafukua mchanga wa mto Tiva wapate mtungi mmoja, na sisi tunaumwaga hewani usiku kucha tukikoroma. Mvuke ukigusa bati baridi hugeuka matone, na alfajiri mwenye kitanda cha juu hushtuka akidhani paa linavuja. Haivuji, ni pumzi yake inamrudia.

Kwa hiyo natamani sana tuwe na kihami darini, na natamani kiwe cha katani. Tunayo. Mkonge ulifika Tanganyika mwaka 1893, miche 62 tu iliyosalimika safarini, na leo umekuwa ua wa kila shamba la Makueni, mbali na shamba kubwa la Kibwezi. Tena katika jani la mkonge nyuzi hazifiki hata sehemu tano kwa mia za uzito wake, na nyuzi fupi zisizofaa kamba huishia kutupwa. Badala ya kununua sifongo za kiwandani zitokazo ng'ambo, kwa nini tusijaze dari kwa kilicho chetu?

Lakini swali la yule binti lipo palepale. Ukiweka katani kati ya bati na watu 60 wanaopumua, ule mtungi wa maji utakwenda wapi? Utapanda ndani ya katani usiku, na mchana bati likichemka utasukumwa kurudi chini. Kila siku kupanda na kushuka. Ikiwa saa za mchana zinatosha kuikausha katani, sawa. Zisipotosha, na unyevu wa hewa ndani ya nyuzi ukakaa juu ya asilimia 80 siku baada ya siku, kuvu itaota. Na kuvu, ndugu zangu, si madoa ya kufuta kwa kitambaa.

Sisi wa Kitui na Makueni hatuhitaji kuhubiriwa habari za kuvu. Mwaka 2004 mahindi yaliyovunwa na kuwekwa yakiwa bado na unyevu, mengi yake ndani ya nyumba za kulala, yaliota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao wa wilaya hizi zetu mbili. Sisemi katani ya darini italeta sumu ile, hailiwi. Nasema punje ya hindi na uzi wa katani hunywa mvuke kwa namna ile ile. Siku hizi kila mkulima anajua hindi halitiwi ghalani likizidi unyevu wa asilimia 13.5. Je, kipimo cha katani ya darini ni kipi? Nani amekipima hapa kwetu?

Ng'ambo wanapima. Wapo wanafunzi wa shahada ya uzamifu ambao kwa miaka mitatu au minne kazi yao ni hiyo tu: jinsi mvuke unavyoingia na kutoka katika vihami vya mimea. Hupima nyuzi za mbao, majani ya ngano, hata mabua ya mmea wa ukoo wa bangi (ule usiolevya, tulieni) ambayo Wafaransa huchanganya na chokaa kujengea kuta. Kazi nzuri. Ila nyumba zao huwashwa moto ndani wakati nje ni theluji, na mvuke husukumwa kutoka ndani kwenda nje kwa miezi mizima. Kwetu bati hugeuka kutoka tanuri hadi barafu ndani ya saa kumi na mbili. Vipimo vyao tukivinakili kama majibu ya mtihani, tutafeli.

Na tayari somo tumelipata. Miaka ya 1970 na 1980 wataalamu nchini Kenya walichanganya katani na saruji wakatengeneza vibao vya kuezekea vya bei nafuu. Vilianza vizuri. Lakini maji yaliyomo ndani ya saruji ni makali kama magadi, nayo hula kile kinachoshikilia nyuzi pamoja. Tena nyuzi zikivimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua, hulegea ndani ya saruji. Baada ya miaka kadhaa katani ikawa kama biskuti. Kosa si la katani. Unyevu ulipuuzwa mwanzoni.

Najua mwalimu wa zamu akisoma hapa ataruka kitini: katani bwenini, je moto? Ana haki kabisa. Mwaka 2001 pale Kyanguli, Machakos, jirani zetu, bweni liliungua na wavulana zaidi ya 60 wakafa. Wajenzi wa ng'ambo huchovya nyuzi katika chumvi za boraksi ili zisishike moto upesi wala zisiliwe na wadudu. Lakini chumvi hizo huyeyuka katika maji! Dari ikilowa na kukauka kila siku, chumvi itabaki pale ilipowekwa? Mnaona maji yanavyorudi tena? Mimi basi siombi katani iwekwe bwenini. Naomba ianze kupimwa, na ikifika zamu ya kuwekwa, iwekwe kwanza katika stoo ya majembe.

Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko hapa hapa Kitui, kilipewa hati mwaka 2013. Ningependa siku moja niende pale kuandika tasnifu juu ya jambo hili, na mwalimu wa Fizikia asicheke, kwani si lazima tungoje shahada. Chumvi ya jikoni ikiyeyushwa katika maji hadi ikatae kuyeyuka tena, ndani ya chupa iliyofungwa, hushikilia unyevu wa hewa kwenye asilimia 75. Chupa ya pili tutaweka maji matupu. Katani tutaikausha kwa kalsiamu kloridi, ile ya kidato cha pili, kisha tutaining'iniza ndani ya chupa pasipo kugusa maji na kuipima kwa mizani ya maabara. Tutaongeza nyasi za kuezekea na pamba, tulinganishe.

Chupa sita nimeshazipata. Katani susu ameahidi kunitumia, ya Kibwezi. Tutapima kila Ijumaa baada ya masomo, kuanzia wiki ya pili ya muhula ujao, na atakayetaka kuja asichelewe kwa kuwa funguo za maabara hurudishwa saa kumi na moja. Binti yule wa kidato cha pili amekubali kushika daftari la hesabu, kwa sharti moja tu, kwamba mimi nisitoe hotuba.