Kabla ya kuandikisha mtoto, ingia kwanza darasani

Wakati wa kuandikisha wanafunzi ukifika, wazazi wengi wa Goma wanauliza jina tu. Institut de Goma, ITIG: majina hayo yanajulikana toka Himbi mpaka Majengo, na baba aliyesoma pale hataki mtoto wake aende pengine. Lakini jina halifundishi.

Prefe wa shule kubwa ya serikali akijisifu kwa asilimia ya Egzetat, mzazi aulize hesabu mbili: wangapi waliingia humanité ya kwanza miaka mine nyuma, na wangapi walifika kwenye mtihani? Asilimia inahesabu waliofanya mtihani. Mtoto aliyefukuzwa katikati ya mwaka kwa deni haonekani humo.

Na deni ndiyo shida yenyewe. Masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi. Kwa sekondari mzazi bado analipa. Tangu M23 ichukue mji Januari 2025 na benki kufungwa, pesa imekuwa ngumu nyumbani. Shule inayomuita mzazi wapatane muda ni bora kuliko ile inayorudisha mtoto siku ya interro.

Basi mzazi aende asubuhi ya kazi, si siku ya sherehe. Ahesabu watoto kwa benchi moja. Kwa shule ya ufundi, aone atelie: mashine zinazunguka ao zimefunikwa vumbi? Tena aulize wasichana kama choo chao kina maji. Watajibu mbio kuliko prefe.