Inua Kifuniko Kwanza

Kila mara napigiwa simu na swali lile lile: "Fundi, ninunue taa gani ya matumbawe?" Hakuna anayeuliza swali linalotangulia: hiyo taa itakaa wapi? Natengeneza matangi ya maji ya chumvi hapa Nairobi, na nimechoka kuzika wanyama kwa sababu ya kabati.

Ndiyo, wanyama. Tumbawe si ua wala jiwe. Ni mnyama anayefuga mwani ndani ya mwili wake. Mwani unapata mwanga, unatengeneza chakula, na mnyama anakula. Mwanga kwake ni ugali. Lakini mwanga na joto vikizidi pamoja, mwani huo unaanza kumdhuru, naye anautema na kubaki mweupe. Asipoupata tena, anakufa njaa. Hivyo ndivyo matumbawe mengi ya Pwani yetu yalivyokwisha mwaka wa 1998, El Niño ilipopasha moto Bahari ya Hindi. Tulilia, tukalaumu tabianchi. Halafu tunarudi mjini, tunajenga El Niño ndogo ukutani na kuiita urembo.

Mzee mmoja mwenye mkahawa aliniita. Tangi lilikuwa na urefu wa sentimita 120, na fundi wa mbao alishalivika kifuniko kilichoacha sentimita 15 tu kati ya taa na maji. Kisa? Kisipite mstari wa rafu za chupa. Taa nayo ilishanunuliwa: moja, kali, ya lenzi nyembamba.

"Kijana wangu, hii ndiyo kubwa kuliko zote dukani."

"Mzee, iko karibu sana na maji."

"Si utaipunguza tu na simu?"

Kodi ya nyumba ilikuwa inanidai. Nikasema, "Sawa, mzee." Hiyo sawa ndiyo inaniuma mpaka leo.

Hesabu yake si ngumu. Taa ya lenzi ya digrii 60, ikikaa sentimita 15 juu ya maji, inachora duara la kama sentimita 17. Sahani ya chai! Ya digrii 120, kwa kimo hicho hicho, inachora duara la kama sentimita 52. Sasa weka sahani ya chai kwenye tangi la sentimita 120. Katikati ni jangwa la saa sita mchana, pembeni ni magharibi ya kudumu. Siku ya tisa, matumbawe ya katikati yalikuwa meupe kama chaki. Baadaye ya pembeni yakageuka kahawia, yakajikunja. Taa moja, vifo viwili.

Na wale wa "punguza na simu" mnisikilize vizuri. Ukipunguza nguvu, unapunguza ukali tu, duara linabaki lile lile. Ukiokoa katikati, unazidi kuua pembeni. Simu haiwezi kurefusha kimo. Lakini ukiinua taa mara mbili, duara linapanuka mara mbili na ukali wa katikati unashuka hadi karibu robo. Ndiyo maana nasema mbao kwanza, taa baadaye.

Wengine wananiambia, "Lakini matumbawe yamezoea jua la Pwani." Jua la Pwani halisimami sehemu moja mchana kutwa. Linatembea, mawingu yanapita, bahari nzima inabeba joto. Na tumbawe lililokulia kwenye kina au kivuli halihamishwi ghafla hadi chini ya taa kali. Linahitaji wiki kadhaa za kuzoea.

Kama kifuniko hakiinuki, basi kubali masharti yake. Chukua taa tatu ndogo za lenzi pana badala ya jitu moja, au mistari mirefu ya LED inayofuata urefu wa tangi. Weka kioo cha ukungu kusambaza miale. Toboa nyuma, weka feni, maana joto na mvuke wa chumvi ukifungiwa humo utakula taa yenyewe. Anza na nguvu ndogo, ongeza polepole. Azima mita ya mwanga, pima katikati na kwenye kona, usiamini macho yako. Rangi ya buluu inayopendeza kwenye picha ina kazi kwa mwani, ila jicho la binadamu haliioni ukali wake. Ndiyo maana tunaunguza tukidhani ni giza.

Usiniambie ni hobi ya matajiri, hainihusu. Biashara ya matumbawe magumu inadhibitiwa kimataifa na mkataba wa CITES kwa sababu yanaweza kuisha. Kila kipande kwenye tangi lako kilitoka kwa kiumbe mahali fulani. Ukikiua kwa wiki moja, unaagiza kingine, na aliye baharini ndiye anayelipa.

Siku hizi nafika kwa mteja na futi ya kupimia kabla ya kutaja bei. Kifuniko kikiwa chini na mwenyewe akikataa kukiinua wala kubadilisha taa, namwambia, "Mzee, hapa tuweke samaki na mawe." Wawili wameshanifukuza. Wa tatu alimwita fundi wa mbao.