Mwageni zege shule za msingi: barua ya wazi kwa Wakuu wa Mikoa ya Shinyanga na Geita

Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa,

YAH: VIWANJA VYA MPIRA WA KIKAPU KATIKA UKANDA WA MIGODI

 Nawaandikia nyote wawili kwa pamoja kutoka Kahama kwa sababu mwamba wenye dhahabu haufuati mipaka ya mikoa. Bukombe yenyewe ilikuwa Shinyanga mpaka Geita ilipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, na mtoto wa Kakola, jirani na Bulyanhulu, hana tofauti kubwa na mtoto wa Katoro au Nyarugusu. Wote wanakua wakisikia makarasha yakisaga mawe, na wote wanajua njia ya kwenda machimboni kabla hawajamaliza darasa la saba.

Tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa mwaka 2017, kampuni yenye leseni ya uchimbaji inawajibika kuandaa kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii, na mpango huo lazima ukubaliwe na halmashauri. Fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na visima, na sina neno juu ya hayo. Ombi langu ni kwamba mipango ijayo iwe na viwanja vya mpira wa kikapu, na viwanja hivyo vianzie shule za msingi. Nasisitiza shule za msingi. Tukisubiri sekondari tutakuwa tumechelewa, na kuchelewa huko kumekwisha kuligharimu taifa hili mara moja.

Juni 25, 2009, jijini New York, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21 alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA. Memphis Grizzlies walimchukua Hasheem Thabeet wakamwacha James Harden, aliyechaguliwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyechaguliwa wa saba. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika pale kabla yake. Na hakupelekwa na urefu peke yake. Katika msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kila mchezo. Timu yake ilifika nusu fainali ya mashindano ya vyuo vya Marekani, naye akatajwa mlinzi bora wa vyuo vyote kwa mwaka wa pili mfululizo.

Kilichofuata mnakijua. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimshusha kwenye ligi ya chini akachezee Dakota Wizards, jambo ambalo hadi wakati huo lilikuwa halijawahi kumkuta mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile. Mwaka 2011 akapelekwa Houston, 2012 akawa Portland, kisha Oklahoma City kwa misimu miwili. Mwaka 2014 mlango wa NBA ukafungwa. Baadaye akacheza Japani na Taiwan. Michezo 224 ya NBA, wastani wa pointi 2.2. Vijiweni, jina lake likitajwa, wapo wanaocheka na kusema alifeli.

Kauli hiyo inaniumiza kila ninapoisikia. Mtu aliyedumu misimu mitano kwenye ligi yenye timu 30 tu, ambamo vijana wa dunia nzima wanagombea nafasi mia chache, hakufeli. Lakini ni kweli kwamba hakufika mahali ambapo mwili wake ungeweza kumfikisha, na sababu haina fumbo lolote: Hasheem alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15.

Waliokaa naye meza moja ya drafti walianza lini? Blake Griffin, aliyechaguliwa wa kwanza, alilelewa na baba ambaye alikuwa kocha wa kikapu wa sekondari. Curry ni mtoto wa Dell Curry, aliyecheza NBA misimu 16, kwa hiyo alidundisha mpira pembeni mwa viwanja vya NBA tangu akiwa mtoto mdogo. Hasheem alipofika Memphis hakuwa na hata miaka minane ya kuushika mpira. Kuzuia mitupo ni kazi anayoweza kujifunza kijana mrefu aliyechelewa, akipata mwalimu mzuri, na Hasheem aliifanya vizuri kuliko karibu kila mtu wa rika lake. Kudaka pasi ya kasi katikati ya watu watatu, kugeuka kwa mguu sahihi, kujua pa kusimama kabla mpinzani hajafika, kukaba bila kucheza faulo: hayo huingia mwilini katika umri wa miaka minane, tisa, kumi, mtoto anapocheza bila hata kujua kwamba anajifunza. Ukubwani yanafundishika, ila kwa taabu, na ligi ile haina subira ya kumngoja mtu.

Sasa geuzeni macho huku kwetu. Ni shule ngapi za msingi za Msalala, Mbogwe au Nyang'hwale ambako mtoto wa darasa la tatu anaweza kuushika mpira wa kikapu? Kijana mrefu wa Usukumani hukutana na mchezo huu kidato cha kwanza au cha pili, akiwa amebahatika kupangiwa shule yenye ringi. Mashindano ya UMISSETA yanapofika anaingizwa kwenye timu kwa sababu ya kimo chake, anafundishwa sheria kwa wiki mbili, basi. Kosa lilelile la kumchelewesha Hasheem tunalirudia kila mwaka, na safari hii hatuna kisingizio cha ufukara, maana dhahabu inatoka chini ya miguu ya watoto hao.

Kuna mfano wa mji wa madini unaopaswa kutufikirisha. Bismack Biyombo alizaliwa mwaka 1992 Lubumbashi, mji wa shaba, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani. Hakuwa na njia ya kukua kimchezo nyumbani. Ilimbidi aondoke akiwa bado kijana mdogo hadi Yemen, ndiko kocha mmoja alikomwona, kisha akaenda Hispania. Mwaka 2011 alichaguliwa wa saba katika drafti, na amecheza NBA zaidi ya miaka kumi. Baba yake alipofariki mwaka 2021, Biyombo alitoa mshahara wake wote wa msimu aliochezea Phoenix ujengwe nao hospitali nchini Kongo kwa kumbukumbu yake. Huyo ni mtoto mmoja wa mgodini aliyepata pa kutokea, na sifa za kumtoa haziuendei mji wake.

Mwingine yuko jirani zaidi. Khaman Maluach alizaliwa Sudan Kusini mwaka 2006 akakulia ukimbizini Kawempe, Kampala. Aliushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 13 hivi, akaonekana mapema, akapelekwa akademia ya NBA nchini Senegal. Akiwa na miaka 17 alikuwa kwenye Olimpiki ya Paris 2024 na timu ya taifa lake, na mwaka 2025 alichaguliwa wa kumi. Ile miaka miwili aliyomtangulia Hasheem, pamoja na walimu waliomshika mapema, si jambo dogo. Hebu fikirini mtoto atakayeanza na minane.

Najua mtaulizwa gharama. Uwanja kamili wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Uwanja wa netiboli ni mkubwa kidogo kuliko huo, na ringi yake iko juu sawasawa na ya kikapu, mita 3.05. Kwa hiyo zege likimwagwa kwa kipimo cha netiboli, mistari ya michezo yote miwili inakaa juu yake kwa rangi mbili, na wasichana wetu, ambao tayari wanaijua netiboli, wanapata mchezo wa pili bila kuhama uwanja. Kwa watoto wadogo ringi hushushwa hadi mita 2.60 na hutumika mpira mdogo, namba 5. Nguzo na ringi visiagizwe mbali. Mafundi wa kuchomelea wa Kahama na Katoro wanaounda makarasha hawatashindwa na nguzo ya chuma. Wapewe vipimo na wasimamiwe, na fedha hiyo ibaki hapahapa.

Zege bila mwalimu, hata hivyo, litaishia kuanikiwa mpunga. Kila uwanja uwe na mwalimu mmoja aliyepata mafunzo ya ukocha wa watoto kupitia Shirikisho la Mpira wa Kikapu, alipwe posho inayojulikana, na mipira ihesabiwe kama vifaa vinavyochakaa ambavyo lazima vinunuliwe kila mwaka. Hapa ndipo miradi mingi ya wafadhili hufia. Uwanja unazinduliwa, picha zinapigwa, na mwaka unaofuata hakuna hata mpira mmoja wenye upepo. Kama fedha zinatosha viwanja kumi bila walimu au vinne vyenye walimu, naomba vinne.

Liko pia suala la ulinzi wa watoto, nami naliona zito kuliko zege. Kijana mrefu anayeanza kusikika huvuta mawakala. Wapo wa kweli, na wapo wanaomwahidi mzazi Ulaya na Marekani, wakamchukua mtoto bila shule inayoeleweka wala karatasi yoyote. Ofisi zenu zinaweza kuweka utaratibu kwamba mwanafunzi hatoki kwa sababu ya michezo mpaka afisa elimu na afisa michezo wa halmashauri wawe wameuona mwaliko wa shule anakokwenda na mzazi ameuelewa. Vyeti vya kuzaliwa navyo viandikishwe mapema, kwa kuwa mchezaji wa Afrika asiye na cheti hutiliwa shaka ya umri kila anapokwenda. Na masomo yasiachwe. Hasheem alimaliza sekondari Houston na kupita chuo kikuu kabla ya kulipwa, na ndiyo njia iliyomfikisha.

Sina ugomvi na soka. Geita Gold ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2021 nilishangilia, na George Mpole alipomaliza msimu huo akiwa mfungaji bora kwa mabao 17 nchi nzima ilijua Geita iko wapi. Timu ile ilionyesha kwamba mji wa mgodi ukiamua, unaweza. Lakini timu ya wakubwa hupanda na kushuka, na Geita Gold ilishuka mwaka 2024. Uwanja wa shule unabaki kwa watoto wa mwaka ule na wa miaka ishirini ijayo.

Na fedha hizi hazitadumu milele. Hapa Kahama tuliona Buzwagi ikifunga uzalishaji mwaka 2021, na eneo lake likageuzwa kuwa la viwanda. Migodi mingine nayo ina umri wake. Mtoto aliye darasa la kwanza leo atatimiza miaka 19, umri wa kuchaguliwa kwenye drafti, miaka kumi na miwili kuanzia sasa, na sidhani kuna mmoja wenu anayeweza kunihakikishia ni migodi mingapi itakuwa inafanya kazi wakati huo.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba jambo hili liingie kwenye mazungumzo ya halmashauri na kampuni kabla mipango ya mwaka ujao haijasainiwa: kwa kuanzia, viwanja viwili kila mkoa, katika kata zinazopakana na migodi, pamoja na walimu wake. Maafisa michezo wa halmashauri wazitembelee shule na kuwaletea majina. Wazazi wa Kakola na Nyarugusu nao waitwe kwenye kikao, wasomewe kiasi kilichotengwa, wajue uwanja utakabidhiwa lini na nani atakuwa mwalimu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Kahama