Vitabu vya usalama wa kompyuta: Uzito wa jalada si kipimo

UJUMBE wa "ile hela itume kwenye namba hii" hauchagui mji. Unafika Dar es Salaam, na unafika Kumsenga wilayani Kibondo, ambako kwa wakulima wengi simu ndiyo benki.

Ndiyo maana swali la kitabu kipi cha usalama wa kompyuta na mitandao kinunuliwe kwa ajili ya shule au maktaba si la wataalamu wa Teknohama peke yao. Vitabu hivyo ni ghali, karibu vyote ni vya Kiingereza, na baadhi hufika shuleni kama msaada baada ya kutumika kwingine.

Kipimo cha kwanza ni umri. Kitabu kinachosifu WEP, mbinu ya kulinda mitandao isiyotumia waya, kilipitwa na wakati tangu mwaka 2001, watafiti walipoonyesha jinsi ya kuivunja. Kinachoitegemea DES kilipitwa hata kabla ya hapo: mwaka 1998 mashine ya shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani iliivunja kwa saa 56.

Mnunuzi mwenye haraka afungue ukurasa wa maneno ya siri. Iwapo mwandishi anaamuru yabadilishwe kila baada ya miezi 3, ajue kuwa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliachana na ushauri wa aina hiyo mwaka 2017.

Hata hivyo, umri pekee hupotosha. The Cuckoo's Egg cha Clifford Stoll kilitoka mwaka 1989. Stoll, mtaalamu wa elimu ya nyota, alifuatilia tofauti ya senti 75 katika hesabu za kompyuta za maabara ya Lawrence Berkeley, akaishia kumfichua mdukuzi aliyekuwa Ujerumani. Mitambo anayoieleza imekwisha kuzikwa. Lakini wakala wa fedha anayefunga hesabu jioni na kukuta pungufu ya shilingi 500 angekielewa kitabu hicho pengine kuliko mhandisi.

Bruce Schneier ni mfano adimu wa mwandishi aliyejisahihisha. Applied Cryptography, kilichotoka katikati ya miaka ya 1990, kiliwafunza watunga programu namna ya kuficha ujumbe kwa hesabu. Mwaka 2000, katika Secrets and Lies, alikiri kuwa hesabu hizo hazitoshi, kwa kuwa udhaifu hukaa kwenye mitambo na kwa watu. Aliyenunua cha kwanza akaacha cha pili amenunua kufuli bila mlango.

The Art of Deception cha Kevin Mitnick, cha mwaka 2002, kina majigambo, na visa vyake vinajirudia. Pamoja na hayo, ndicho kilicho karibu zaidi na hali ya Kumsenga. Anayeibiwa huko aghalabu havunjiwi mtambo. Hupigiwa simu na mtu anayejifanya mtoa huduma, kisha akaitaja namba ya siri kwa kinywa chake.

Kilicho kamili kuliko vyote ni Security Engineering cha Ross Anderson, profesa wa Cambridge aliyefariki mwaka 2024. Toleo la tatu, la mwaka 2020, lina zaidi ya kurasa 1,000 na linaigusa hata M-Pesa. Matoleo ya awali yaliwekwa mtandaoni bila malipo, jambo lenye maana kwa shule yenye kompyuta lakini isiyo na fungu la vitabu.

Hata Anderson hamwelezi Mtanzania kuhusu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 wala ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hamwambii kwamba ujumbe wa kitapeli hutumwa namba 15040, wala kwamba *106# humwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Hayo yote yanaenea katika karatasi moja ya Kiswahili. Kwa bei ya nakala moja ya kitabu hicho iliyochapwa, karatasi hiyo ingeweza kubandikwa kwenye vibanda vya mawakala kuanzia Kumsenga hadi Kibondo mjini.