Digrii ya mawasiliano: mnacheka nini?

Leo sizungumzii simu mpya wala Linux. Leo nina ugomvi, tena na watu wangu wenyewe, sisi tuliosoma sayansi ya kompyuta.

Kuna mzaha mmoja umechakaa sasa. Ukisema binti ya mjomba wako amepata nafasi ya kusomea mawasiliano pale Chuo Kikuu cha Rongo, lazima kuna mwenzangu atauliza: "Anaenda kusomea kuongea? Si alifunzwa na mamake?" Watu wanacheka, chai inaendelea. Halafu huyo huyo anarudi kwenye kompyuta yake na kuandika "Kosa 0x1F, wasiliana na msimamizi," na mama wa Oyugis anayejaribu kulipa karo ya mtoto kwa simu anabaki kukodolea kioo macho. Hapo nani anahitaji kurudi shule kusomea kuongea?

Kwa wasioijua sehemu hii: Rongo iko Kaunti ya Migori, na chuo chake kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016. Kina kitivo kizima cha habari, mawasiliano na uanahabari. Kwa hivyo hatuzungumzii kozi ya Nairobi au ya London. Hawa ni watoto wa huku, wanaopanda matatu stendi moja na sisi.

Nimekaa na madaftari ya watu watatu waliomaliza mawasiliano katika vyuo tofauti. Niliyoyakuta yanafanana sana: nadharia za mawasiliano, uandishi wa habari, redio na televisheni, sheria na maadili ya vyombo vya habari, uhusiano mwema, mawasiliano ya maendeleo, mbinu za utafiti. Nikafungua daftari la mwaka wa kwanza, na nani yuko ukurasa wa tatu? Claude Shannon!

Shannon ni wetu jamani. Alikuwa mhandisi na mwanahisabati wa Bell Labs, na makala yake ya mwaka 1948 ndiyo iliyotupa hesabu ya biti. Bila hiyo hakuna kubana faili, hakuna kusahihisha makosa ya data njiani, hakuna simu kama hii uliyoshika. Wenzetu wa mawasiliano wanapewa mchoro wake: mtumaji, njia, kelele, mpokeaji. Sisi tunapewa hesabu zake. Wao hawaonyeshwi hesabu hata moja. Sisi hatuambiwi kwamba Shannon mwenyewe, mwanzoni kabisa mwa makala hiyo, aliiweka kando maana ya ujumbe na kusema haihusiani na tatizo la mhandisi. Mtu mmoja amekatwa vipande viwili, kila darasa likaondoka na kipande chake, na sasa tunachekana.

Hasara yake si ya darasani. Shirika moja, jina naliacha, lilikuwa likituma SMS kwa wafugaji wa upande wa Ndhiwa, Homa Bay, kuwajulisha siku za chanjo ya ng'ombe. Ujumbe uliandikwa kwa Kijaluo na dada mmoja mwenye digrii ya mawasiliano, na aliuandika vizuri: mfupi, wa heshima, siku na mahali mwanzoni kabisa. Kampeni ilipoanza, gharama ikawa mara tatu ya bajeti. Fedha zikaisha kabla ya duru ya pili, na bosi akamlaumu dada kwa "maneno mengi". Nikaombwa nitazame.

Maneno hayakuwa mengi. Yalikuwa herufi 150 hivi. SMS moja hubeba baiti 140, na kwa alfabeti ya kawaida ya GSM, ambayo kila herufi yake hula biti 7, hiyo ni herufi 160. Lakini ng'ombe kwa Kijaluo ni dhiang', na ritifaa ile ya mwisho iliandikwa kwenye Word, ambayo huipinda ipendeze. Ritifaa iliyonyooka imo katika alfabeti ya GSM. Iliyopinda haimo. Ikitokea moja tu, ujumbe wote unahamia Unicode, na nafasi inashuka hadi herufi 70, au 67 kwa kila kipande ujumbe ukigawanywa. Herufi 150 zikawa vipande vitatu, mara wafugaji maelfu, kwa sababu ya kijialama ambacho hukioni bila miwani! (Ndugu zetu Wakikuyu wenye ĩ na ũ wanaumia zaidi, kwa sababu kwao hakuna ya kunyooka ya kubadilishia.)

Sasa sikilizeni fundi wa mfumo alivyokuwa "ametengeneza" kabla sijafika. Alifuta ritifaa zote! Dhiang' ikawa dhiang. Kwake ng na ng' ni kitu kimoja. Mwambieni basi kwamba ngoa na ng'oa ni kitu kimoja. Wafugaji wakapokea Kijaluo kilichovunjika meno, na mzee mmoja akauliza kama hao ni matapeli. Swali la haki kabisa: SMS yenye lugha mbovu kutoka namba usiyoijua, hapa kwetu, mara nyingi ni utapeli. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa programu unaobadilisha iliyopinda kuwa iliyonyooka kabla ya kutuma. Dada hakuambiwa chuoni kwamba ujumbe una uzito. Fundi hakuambiwa kwamba herufi ina maana. Lakini aliyelaumiwa ni mmoja tu, na ni yule mwenye digrii "ya kuongea".

Nikitoka hapo nawageukia wanaofundisha mawasiliano, maana nanyi siwaachi.

Mnamfundisha mwanafunzi nadharia ya hatua mbili ya Lazarsfeld na wenzake, iliyotokana na utafiti wao wa uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1940 katika kaunti moja ya Ohio: habari haiendi moja kwa moja kwa kila mtu, hupitia kwa wale wanaosikilizwa. Nadharia nzuri sana. Kisha kwenye mtihani mnamwambia "eleza kwa mchoro, alama 10". Kaunti ya Ohio anaijua. Je, ufuo wa Sori au Muhuru Bay, hapa hapa Migori, nani anasikilizwa? Mwenyekiti wa kamati ya ufuo? Mwenye mtumbwi? Mama anayenunua samaki alfajiri na anayejua nani hajarudi?

Hilo si swali la kupamba insha. Kati ya 2017 na 2021 kulikuwa na mradi uitwao HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, wa kuboresha maonyo ya dhoruba katika Ziwa Victoria. Utabiri wa ziwa ukaanza kutolewa kwa kanda, ukitaja upepo na mawimbi, ukafika kwa redio, simu na mitandao. Setilaiti ipo, modeli za kompyuta zipo. Baada ya hapo kinabaki kile tunachokicheka: maneno. "Upepo wa wastani" ni nini kwa mwenye tanga, na ni nini kwa mwenye injini? Ukitangaza dhoruba leo isipokuja, kesho utasemaji ili uaminiwe? Mfangano unatuma kwa Kisuba au kwa Kijaluo? Watu wanazama ziwani kila mwaka, na sehemu ya jibu imo kwenye madaftari niliyoyasoma, imelala kati ya mchoro na mtihani.

Na atachimenti je? Mwanafunzi anapelekwa ofisi ya umma miezi mitatu, anabeba kamera, anampiga mheshimiwa picha akikata utepe, anaipandisha Facebook. Basi. Ilhali Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila mwananchi haki ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Sheria hiyo imo kwenye daftari. Kati ya wale watatu, hakuna aliyewahi kuandika ombi hata moja. Zoezi la barua ya ukurasa mmoja!

Au kumbukeni Agosti 2022. IEBC iliweka hadharani picha za fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000, kila mtu apakue. Vyumba vya habari vikakaa kuchapa namba kwa mkono, jumla zao zikatofautiana hewani, baadhi wakaacha kujumlisha kabla matokeo hayajatangazwa, na nchi ikabaki kutazama runinga kwa wasiwasi. Sisi wa kompyuta tulijua kupakua fomu zote usiku mmoja, ila wengi wetu tusingejua kumweleza mtu wa Kehancha kwa nini jumla ya saa nne si matokeo. Wao walijua kueleza, lakini hawakuwa na cha kueleza.

Kwa hiyo msiniletee mpango wa kugeuza mawasiliano kuwa kozi ya kompyuta, eti kila mtu ajifunze Python. Nadharia zibaki, sheria na maadili vibaki, utafiti uongezwe. Ninachotaka ni saa chache tu katika kila semista ambapo madarasa haya mawili yanakaa chumba kimoja na ujumbe mmoja wa kweli, wa chanjo, wa upepo, au wa zebaki kule kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder, mpaka ufike kwa mtu na aurudie kwa maneno yake mwenyewe.

Somo la kwanza nimeshaliandaa, la saa mbili, linahusu ritifaa. Mhadhiri yeyote wa Rongo au Homa Bay anayelitaka nitakuja kwa nauli yangu. Projekta haihitajiki. Wanafunzi waje na simu mbili, moja iwe kabambe, na mtu mmoja darasani awe anajua Kijaluo cha nyumbani.