Dawa si Peremende

Tangu Uhuru wa mwaka 1961 taifa letu lapigana na maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Leo twataka kusema juu ya mahali ambapo ujinga unayapa maradhi silaha.

Mtoto wa shule hutumwa dukani: "Kanunue vidonge viwili vya amoksilini, baba ana mafua." Mtoto huenda, huleta, na baba humeza. Hapana daktari aliyempima. Tena mafua huletwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Kazi yake ni kuua bakteria.

Hasara haiishii hapo. Dawa inapotumiwa ovyo, bakteria dhaifu hufa, lakini walio sugu husalia, wakazaana, wakaambukiza jirani. Siku mtoto wa jirani anapopata homa ya mapafu, dawa ile ile haimfai kitu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Wengi hawakusikia. Yakadiriwa kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani waliuawa na bakteria walioshinda dawa, na kwa kadiri ya idadi ya watu, Afrika kusini ya Sahara ndiyo iliyoumia zaidi.

Wako watakaosema: zahanati iko mbali, na fedha ya dozi nzima hatuna. Ni kweli, nasi hatumcheki maskini. Serikali haina budi kusogeza zahanati na kuzijaza dawa. Lakini maarifa hayangoji barabara.

Twataka basi somo hili lifundishwe katika kila shule ya msingi, kwa lugha ambayo mtoto ataisema nyumbani. Ajue mambo manne: dawa hizi hazinunuliwi bila cheti cha daktari, huliwa kama ilivyoagizwa, si kuachwa mtu apatapo nafuu, hazigawiwi ndugu wala hazipewi kuku bila shauri la bwana mifugo, na kunawa mikono kwa sabuni na kuchanjwa huzuia maradhi mengi kabla dawa haijahitajiwa.

Mtoto huyo akitumwa dukani atasema kwa adabu: "Baba, mwalimu ametufundisha kupima kwanza." Wazazi, msimkemee. Dawa ni mali ya taifa zima; anayeiharibu leo amnyang'anya mtoto wa mwenzake kesho.