Mbaraka Mwinshehe si wa Sekunde 30

Watoto wa mjini wamemgundua upya Mbaraka Mwinshehe. Picha ya Milima ya Uluguru ina ukungu, kipande cha gitaa, maneno mawili ya mahaba, stetasi imeenda hewani. Safi. Ila huyo ni nusu Mbaraka.

Dansi la Morogoro Jazz lilikuwa na mpangilio wake. Inaanza taratibu: mtu anabembeleza, analalamika, anauliza kosa lake nini. Halafu linaingia chemko, magitaa yanashika kazi, na yule aliyekuwa analia sasa anacheza! Santuri ndogo za zamani hazikuwa na nafasi, hivyo wimbo mrefu uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Ugomvi huku, raha kule. Mtu aligeuza santuri, hakuishia njiani.

Anayetaka mkusanyiko wake aanze na zile Ukumbusho, au CD ya Masimango iliyotolewa na Dizim Records mwaka 2000. Masimango, jamani! Jina tu linatosha kuonya kwamba humo si maua matupu.

Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34, tayari ana Super Volcano yake. Hakuna nyingine inayokuja. Zilizopo ndizo hizo, na bado zinakatwa.

Eti nyimbo ni ndefu. Panda daladala Msamvu uende mjini: kabla hujashuka, chemko limeshaisha.